Mwaka wa Mlango wa Mvule

Tulimzika Kalinga mwezi uliopita, huko Ngana, pembeni mwa migomba yake. Mvua ilinyesha tangu sala ya kwanza mpaka sahani za mwisho zilipooshwa, na mimi kwa uzee wangu nikakalishwa chini ya turubai, nikaletewa wali na nyama kabla ya watu wote. Sikuweza kula. Huzuni ilikuwepo, na bado ipo, lakini si hiyo iliyonizuia. Sahani ile ilikuwa ya peke yangu, na nyumbani kwa Kalinga sikuzoea kula peke yangu. Niliporudi kwangu nilimkuta mjukuu wangu Ipyana, ambaye naye ni fundi seremala, amekwisha kupima uwazi wa sebule yangu na ameegesha ukutani mlango mpya wa mninga wenye kitasa cha kununua Mbeya. "Babu," akaniambia, "Bibi hayupo, mzee Kalinga hayupo, umebaki wewe tu. Umetengeneza milango ya nusu ya Kyela, halafu sebule yako ina pazia. Watu wanatucheka." Nikamwambia ndaga, yaani asante, maana mkono uliokuja na zawadi haurudishwi na maneno makali, ila nikamwomba asubiri kidogo kabla ya kuupachika. Nilitaka kumweleza pale pale, lakini nilipofungua mdomo sauti ilinikatika, na mzee akianza kulia mbele ya wajukuu wanamletea uji. Basi naandika.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa vita ya Wajerumani na Waingereza, tangu kiangazi kimoja mpaka kile kilichofuata. Nilikuwa kijana aliyeoa karibuni. Lakini Ipyana hataelewa kitu asipojua kwanza tulivyokuwa tukila. Kwetu, kabla ya kanisa kuenea, mtoto wa kiume akifikia umri wa kuchunga ng'ombe hakuendelea kulala kwa wazazi. Alihamia kijiji cha rika lake. Tulijijengea vibanda vyetu, tukalala pamoja, na wakati wa chakula kundi zima lilizunguka nyumba za akina mama: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama wa mmoja alikuwa mama wa wote, na wote tuliwaita juba. Mtu wa kula peke yake tulimwogopa, tukasema huyo ana jambo. Katika nyumba zote nilipenda ya mama yake Kalinga. Ilikuwa ya mianzi, ya mviringo, imepakwa udongo mweupe na mwekundu kwa kiganja, na ndani ilinukia moshi na maziwa mgando. Alitandika jani moja refu la mgomba, akamwaga mbalaga, ndizi zile za kupikwa mpaka zinalegea, akazungusha macho juu ya vichwa vyetu na kuuliza, "Nani hajala?" Hakuanza mtu kabla ya swali hilo kujibiwa. Mara nyingi aliyekosekana alikuwa Kalinga mwenyewe, anamtafuta ndama aliyepotea, nasi tulimeza mate tukimlaani mpaka alipotokea. Mimi na yeye tulilala mkeka mmoja, na nilipougua homa alinipa joto la mgongo wake mpaka nikapona.

Kisha nikasikia kengele ya misheni, nikaifuata. Sitaki kuicheka imani ya kijana yule, maana ilikuwa ya kweli. Nilijifunza kusoma, nikabatizwa Ambilikile, yaani ameniita, nikamwoa Subilaga kanisani, na yule mchungaji Mjerumani akanifundisha useremala. Tulijenga nyumba za pembe nne kwenye mstari, juu ya mwinuko wa kutazama ziwa, nasi tuliojenga pale tulijiona tumefika. Mimi nikapita kiasi. Kwa vipande vya mvule vilivyobaki kwenye kazi ya kanisa nilitengeneza mlango. Niliupiga randa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto, nikautia bawaba mbili za chuma, na kwa ndani nikaweka komeo. Katika mstari wote hapakuwa na komeo lingine. Watu walikuja kulifungua na kulifunga ili wasikie mlio wake, na kichwa kilinivimba.

Wenzangu wa rika walikuja pia, lakini wao walikuja saa ya chakula, kama tulivyolelewa. Walikuja mara ya kwanza, nikawapa. Walikuja tena, nikawapa huku nimenuna. Baadaye nikaanza kusukuma komeo kabla sufuria haijatoka jikoni. Ningeona haya kufanya hivyo kwa ajili ya tumbo, kwa hiyo nikaupatia uchoyo wangu jina zuri. Nilisema mimi ni mtu mpya, hawa ni walevi wa pombe, Mkristo hachangii jani moja na watu wasiobatizwa. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Mchungaji alikula na yeyote aliyemkaribisha. Lakini majirani zangu wa mstari walinisifu, na wengine wakaniagiza makomeo. Jumapili nilikuwa msomaji. Maneno ya Bwana juu ya wenye njaa na wageni na wafungwa niliyajua kwa moyo, niliyasoma kwa sauti ambayo wazee waliisifu, nami nikashuka pale mbele nikifikiria sauti yangu. Na sala yangu ya jioni ilikuwa fupi: Bwana nilinde mimi, mke wangu na nyumba yangu. Naandika haya bila kujipiga kifua. Nilikuwa nimempokea Mwokozi kama mtu anavyopokea ng'ombe wa mahari, nikamfungia zizini kwangu.

Siku ya Kalinga tulikuwa tunakula mchana. Naikumbuka hata harufu. Subilaga alikuwa amepata samaki mbasa kwa wanawake wa Kikisi, wale wanaotembea ufuko wa ziwa kwa mitumbwi wakiuza vyungu wanavyofinyanga, akamchemsha na nyanya chungu, akaweka na wali. Komeo lilikuwa limefungwa na jua lilipita kwenye ufa chini ya mlango. Kivuli kikakata ule mwanga. "Ambilikile," sauti ikasalimu, "mwagonile." Nikaijua. Nikamwashiria Subilaga asijibu. "Ambilikile, gwe nkamu, ndugu yangu, fungua kidogo. Sikuja kula. Nimeshiba." Nikatabasamu, maana hivyo ndivyo kila mwenye njaa husema mlangoni mwa mtu, ni adabu tu. Subilaga akainuka. Nikamwambia, "Kaa." Akaketi, lakini hakurudisha mkono wake kwenye chakula. Nje nilimsikia jirani yetu mwanamke akimuuliza Kalinga, "Hawapo?" Kalinga akajibu, "Wapo. Wanakula." Kisha akaongeza: "Basi wale." Kivuli kikaondoka, na mwanga ukarudi chini ya mlango. Nikamaliza samaki.

Asubuhi yake askari wa serikali waliingia katika kijiji cha wenzangu kutafuta wapagazi wa kubeba mizigo ya vita. Waliopata upenyo walikimbilia matete ya mtoni. Waliobaki walifungwa kamba, Kalinga akiwemo, wakapelekwa Mwaya. Sisi wa misheni hatukuguswa. Habari niliipata kwa mwanamke wa Kikisi, muuza vyungu mwenye meno yaliyoachana, aliyekutana na msafara ule njiani. Alikuja mpaka kizingitini, akautua mzigo wake na kuuliza kama hapa ndipo kwa fundi wa mlango. Nikasema ndipo. "Kuna mtu kwenye kamba amenituma," akasema. "Ameniambia nikwambie: juba yuko peke yake. Amesema wewe utaelewa. Jana alisikia habari za askari, akaja kukuambia mwenyewe, akakuta mnakula." Akauinua mzigo wake, akaenda zake. Subilaga alikuwa nyuma yangu na alisikia yote. 

Ningependa kuandika kwamba nilivaa na kuondoka saa ile ile. Sikuondoka. Nilisema mama yake Kalinga ana ndugu, wataangalia. Nilisema kazi ya kanisa ni nyingi. Mvua zikaanza, na mvua za Kyela si za kusimuliwa, zinashuka milimani na kutoka ziwani kwa pamoja, mito inapanda kingo, bonde lote linakuwa maji. Mwishowe Subilaga alijifunga kanga ya pili kichwani, akajaza kikapu ndizi na maharage. "Mimi nakwenda kwa juba," akasema. "Ukitaka, funga mlango nyuma yangu." Nikakaa katika ile sebule na mlango wangu, nikajaribu kuomba, na maneno yakafika mahali yakakataa kwenda mbele: nilinde mimi, mke wangu. Mke wangu alikuwa kwenye maji. Nilikuwa nimefunga komeo na kila kitu nilichokuwa nalinda kilikuwa nje. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya vita, na nadhani nilikuwa namwogopa Mungu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kumtaja.

Alirudi jioni, amelowa mpaka kifuani, anatetemeka. "Yupo hai," akasema. "Miguu imevimba, hawezi kusimama. Ndugu wamehamia juu, wanasema watamrudia maji yakipungua. Maji yako kitandani, Ambilikile. Nimempandisha juu ya dari ya kuwekea mahindi." Mitumbwi yote ilikuwa imechukuliwa na askari kwa ajili ya mizigo. Nikawaendea wenzangu wa mstari, mlango kwa mlango, na nilisikia makomeo niliyowatengenezea yakisukumwa. Siwezi kuwalaumu, walikuwa wanafunzi wangu. Ndipo nilipokumbuka matete. Kulipopambazuka nilishuka mtoni, nikasimama kwenye matope, nikaita majina ya rika letu kwa sauti ya kuchunga ng'ombe.  Nikasema, "Ni juba. Ni mama yake Kalinga. Maji yamemfikia." Matete yakasogea wakatoka watu watatu, wembamba, wana matope mpaka kwenye kope. Mmoja akaniuliza, "Leo umekula peke yako?" Nikasema, "Leo sijala." Akacheka kidogo, akatema mate pembeni, akasema twendeni. Askari walikuwa bado wanapita barabarani. Kwa kutoka kule waliweka shingo zao kwenye kamba, na wote walilijua hilo.

Tulikata migomba, tukafunga mashina yake mafungu mawili yaelee. Kilichokosekana ni kitu kipana na kigumu cha kulaza mtu juu yake. Nikaenda nyumbani. Nilichomoa bawaba kwa mkono wangu, na kwa kuwa niliziweka vizuri zilinisumbua sana. Subilaga alishika upande mmoja. Tukaulaza mlango juu ya mashina, tukaufunga kwa kamba za mgomba, tukausukuma ndani ya bonde, wanaume wanne kwenye maji ya kifua, Subilaga pamoja nasi. Mama yake Kalinga tulimkuta ameegemea nguzo juu ya dari, amejifunika ngozi ya ndama. Alikuwa amekonda hata nikamwinua peke yangu. Tulipokuwa njiani, mvua inampiga usoni na Subilaga anamkinga kwa jani, alipapasa mbao kwa kiganja. "Huu ndio ule mlango mnaojifungia?" akauliza. Nikasema, "Ndio, juba." "Mzuri," akasema. "Lakini mgumu mgongoni." Wale watatu walicheka mpaka tukakaribia kumwangusha, nami nikacheka nao, machozi yakichanganyika na mvua. Nilikuwa sijacheka na watu wale tangu nibatizwe.

Nilikusudia kuurudisha mlango mahali pake siku ile ile. Lakini mbao zote za misheni zilikuwa zimechukuliwa kutengenezea masanduku ya jeshi, na Subilaga akauliza kwa upole, "Juba atalala wapi?" Tukauweka mlango juu ya matofali manne, tukatandika majani makavu na mkeka, ukawa kitanda chake, pale pale sebuleni. Kwenye uwazi tukatundika mkeka mwingine. Sasa kila mpita njia alisikia tunakula. Na kila nilipoletewa chakula, kutoka kitandani ilitoka sauti nyembamba: "Nani hajala?" Siku ya kwanza nilisema wote tumekula, juba. Akanitazama. "Na waliokubebea mlango?" Nikainuka na sehemu yangu, nikaipeleka kwenye matete. Kesho yake akauliza tena. Kulikuwa na mama wa fulani, mwanawe naye amechukuliwa. Kulikuwa na mke wa mpagazi aliyejifungua juzi. Kulikuwa na mtu wa mbali, sijui wa kabila gani, aliyeachwa njiani na jeshi kwa kuhara damu, ambaye nilimwosha kwa mikono hii na akafia mapajani mwangu akiniita kwa jina la ndugu yake. Swali la yule mwanamke lilinitoa nje ya nyumba yangu kidogo kidogo, nami nilinung'unika, Ipyana, usidhani babu yako aligeuka malaika. Nilikuwa na njaa na nilimkasirikia. Lakini usiku sala yangu ilikuwa imebadilika bila mimi kuipangia. Ilianza na majina ya watu, na majina yalikuwa mengi hata mara nyingine nililala kabla ya kujifikia mwenyewe.

Jumapili moja nilisimama kusoma, nikafika kwenye maneno yale niliyokuwa nayajua kwa moyo, na sauti nzuri haikutoka. Nilisoma kwa kukwama kama mtoto. Mchungaji baadaye alinishika bega tu.  Haikupita muda mrefu Waingereza wakavuka mto Songwe, naye akachukuliwa pamoja na mkewe, kanisa likabaki mikononi mwetu vijana ambao jana tu tulikuwa tunashindana kwa makomeo.

Mama yake Kalinga alifariki maji yalipokuwa yamekauka na njia zimefunguka, saa ya asubuhi, Subilaga akimpaka mafuta miguuni. Hakuwa amebatizwa. Nilimwuliza mara moja kama angependa, akanijibu, "Nikiingia huko mwanangu akirudi atanijua?" Nikasema atakujua. "Basi tumsubiri aje tuingie pamoja." Hakumsubiri, mwili ulikataa. Nimekuwa mzee wa kanisa karibu maisha yangu yote, nimesikia mengi juu ya nani ataingia na nani hataingia, na kila mara huwa naona kile kichwa chenye mvi kikizunguka kutafuta nani amekosekana. Nafikiri Bwana anaijua sauti hiyo, maana ni yake. Tulimchimbia kaburi kwake, kwenye migomba. Hapakuwa na mbao za jeneza nchi nzima. Tulimlaza juu ya mkeka, na ili udongo usimwangukie usoni nikaleta mlango, tukamfunika nao. Wale watatu walikuja mchana kweupe kunisaidia. Nilipotupa udongo wa kwanza mbao ilitoa mlio, ule ule uliokuwa ukitoka mtu akibisha.

Kalinga alirudi kiangazi. Alikuwa ametoroka mahali fulani mbali mashariki, akatembea milimani akila mizizi. Tulikuwa tumeketi chini, mchana, tunaanza kula, na kivuli kikaanguka kwenye mkeka wa mlangoni. "Mwagonile," sauti ikasema. Mkono wa Subilaga ukasimama hewani. "Ambilikile, sikuja kula. Nimeshiba. Nimekuja kuuliza habari za juba."

Niliuondoa mkeka. Alikuwa mifupa mitupu, mabega yana vidonda vya mizigo, na alisimama mbali kidogo, kama mtu anayejua mahali mlango unapofungukia. Nikamwambia ingia. Hakuingia. Alinyoosha mkono, akapapasa fremu, akagusa matundu ya bawaba kwa kidole.

"Mlango wako uko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia, mengi, tangu siku tuliyomzika mama yake. Nikasema, "Anao juba."

Alinitazama mpaka akaelewa. Kisha akaniangukia, nikamdaka kizingitini, na tukakaa pale pale, nusu ndani nusu nje, akilia kifuani kwangu kama mtoto, na mimi nikilia juu ya kichwa chake, nikimwomba msamaha kwa lugha ya mama zetu. Alisema, "Nilijua utasikia. Hata ulipokaa kimya, nilijua." Hilo mpaka leo sijui nilistahili vipi kuambiwa.

Subilaga alitandika jani moja la mgomba mbele yetu, akamwaga mbalaga yote iliyokuwepo. Tulisogea, vichwa vikikaribiana kama zamani. Kalinga alichovya mkono, akaupeleka karibu na mdomo, na njaa aliyokuwa nayo niliiona inamtetemesha taya. Akausimamisha. Akazungusha macho sebuleni, kwangu, kwa Subilaga, kwenye ule uwazi wenye mwanga.

"Nani hajala?" akauliza.

Nikainuka, nikatoka nje kuangalia.